Afya ya mchumaji chai: Mgeni na mwenyeji hawajibu sawa

MSALIMU mwanamke anayechuma majani chai Kericho au Bomet, "Hujambo?", naye atajibu "Sijambo", hata kama mgongo unamuuma na vidole vimechubuka. Ukimwamkua Mkipsigis "Chamgei", utajibiwa "Chamgei mising". Jibu limekwisha kutolewa kabla mtu hajajipima.

Hata hivyo, watafiti hulithamini sana swali hili: je, waionaje afya yako? Mnamo 1997, Ellen Idler na Yael Benyamini walichambua tafiti 27 na kuonyesha kwamba, katika karibu zote, jibu la mtu lilibashiri uwezekano wake wa kufa, hata baada ya maradhi yake yanayojulikana kuzingatiwa.

Tatizo huzuka wageni wanapolinganishwa na wenyeji. Nchini Marekani, wahamiaji kutoka Mexico huelekea kujitaja wenye afya duni, ilhali maisha yao huwa marefu. Sehemu ya kitendawili hicho ni tafsiri: neno la Kihispania "regular", lililowekwa mahali pa "wastani", halina ubaya masikioni mwa msemaji wake. (Sisi wahariri tungewaonya mapema.)

Kericho nako kuna yake. Mchumaji aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria ameugua malaria tangu utotoni, akajenga kinga kiasi. Kwake homa ni jambo la kawaida. Mwenzake aliyezaliwa nyanda za juu, ambako malaria huja kwa milipuko, hana kinga hiyo, na homa humtia hofu. Lakini kinga ya mgeni hupungua akikaa milimani miaka mingi. Mazoea yake ya kuipuuza homa huenda yasipungue.

Isitoshe, mgeni anayelemewa na maradhi mara nyingi hurudi kwao, Kisii au Siaya, asihesabiwe tena. Wengine waliondoka bila hiari katika ghasia za 2007 na 2008. Wanaobaki kuulizwa ni wenye nguvu.

Utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu wachumaji wa Kericho ulitumia mizani badala ya maneno. Walioacha kazi au kufariki kwa sababu ya Ukimwi walikuwa wamechuma pungufu ya wenzao kwa kilo 4.11 hadi 7.93 kila siku, katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kazini.

Kwa hivyo muuguzi wa zahanati ya shambani, baada ya salamu, angeongeza swali moja: "Mama, jana ulichuma kilo ngapi, na msimu kama huu mwaka jana ulichuma ngapi?"