Kwa nini nukta za kadi hubanana pembeni

Wiki chache kabla ya Ramadhani, binti wa jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, alirudishiwa kadi 60 za mwaliko wa harusi. Kadi alizitengeneza mwenyewe kwa mkono: karatasi nene ya rangi ya maziwa, jina la bwana na bibi harusi katikati, na nukta za dhahabu zikizunguka ukingo wote. Mwenye shughuli hakumtolea neno baya. Alizipanga kadi kumi juu ya meza, akaziangalia, kisha akasema, "Mwanangu, hizi hazifanani." Akaenda zake kwa wapiga chapa.

Mama mtu alikuwa ameshatoa hukumu: mtoto hana mkono wa kadi, na arudi kwenye hina. Nikaomba nizione hizo kadi. Kusema kweli nukta zenyewe zilikuwa nzuri, za mviringo, za unene mmoja, hazina mikia. Lakini karibu kila kadi ilikuwa na ugonjwa uleule, na mahali palepale. Kona ya juu kulia nukta zilikuwa zimebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Nyingine ilikuwa kinyume, pana pengo ambalo lingeingia nukta moja na nusu.

Ugonjwa ukikaa mahali pamoja kwenye kadi 60, tatizo haliwezi kuwa mkono. Tatizo ni njia iliyotumika. Nimeona nieleze hapa, maana najua wako wengi wanaotengeneza kadi za Idi, za harusi na za watoto kuzaliwa, na wengi wamekwama kwenye kona hiyohiyo.

Nilimuuliza anavyoanza. Anaanza kona ya juu kushoto, anaweka nukta, anakisia kama sentimita moja, anaweka ya pili, anakisia tena kutoka kwa ile ya pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Hapo ndipo penye kasoro. Kila nukta inapimwa kwa nukta iliyoitangulia, kwa hiyo kosa la kwanza linabebwa na la pili, na la pili linabebwa na la tatu. Ukikosea nusu milimita tu kila mara, na mkono wa mtu kwa kawaida hukosea upande mmoja, baada ya nafasi 12 umeshapotea milimita 6. Hiyo ni zaidi ya nusu ya nafasi nzima. Safari yote jicho halioni kitu, kwa sababu kila nukta inaonekana sawa na jirani yake. Deni lote linalipwa kwenye kona.

Na hapa nataka kumtetea binti kuhusu ile hina. Ni mchoraji mzuri wa hina, anachora safu za vidoti kwenye vidole vya maharusi mpaka unadhani zimepigwa muhuri. Kwa nini basi kadi zimshinde? Kwa sababu kidole hakina kona nne. Safu ya hina inaanza popote na kuishia popote, na ikibaki nafasi unaweka jani au ua. Hakuna anayehesabu. Kadi ni umbo lililofungwa: safu lazima irudi ilikoanzia, na pande mbili zinazotazamana zinapigana mizani mbele ya macho ya mtu. Kazi yake ya kadi inafanana zaidi na ya washonaji wa kofia za viua. Mshonaji hatobói tundu moja akaenda kutafuta mahali pa tundu la pili. Pambo lote huwekwa kwanza kwenye kitambaa, ndipo sindano ianze.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuweka kona zote nne kabla ya nukta nyingine yoyote. Kona zikishakaa, kilichobaki ni kugawa, si kukisia.

Lakini ukigawa, gawa nafasi, usigawe nukta. Hili huwachanganya hata watu wazima. Fikiria ua wa seng'enge: ukitaka nafasi 12 baina ya nguzo, unahitaji nguzo 13, kwa sababu kuna nguzo ya mwanzo na ya mwisho. Upande mmoja wa kadi ni hivyohivyo. Ila ukizunguka kadi nzima hesabu inabadilika, maana nukta ya kona ni ya pande mbili kwa pamoja. Ukiwa na nafasi 12 juu, 12 chini, 8 kushoto na 8 kulia, jumla ni nafasi 40 na nukta 40. Anayejumlisha nukta za kila upande atapata 44, na hizo nne za ziada ndizo atakazohangaika kuzipachika.

Sasa tuchukue kadi yenyewe. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati, kila nusu uikunje mara moja, utapata kadi mbili, kila moja ikiwa na uso wa milimita 105 kwa 148. Acha ukingo wa milimita 9 kila upande. Mstari mrefu wa nukta utakuwa milimita 130, na mfupi milimita 87.

Mwenye rula atasema, mimi ninaweka nukta kila milimita 10, sibahatishi. Upande wa 130 utamkubalia: nafasi 13 kamili. Akigeuka upande wa 87 anapata nafasi 8 na kubakiwa na milimita 7. Ile 7 inakwenda wapi? Kwenye kona! Ndiyo maana hata wanaopima kwa rula huishia na kona iliyobanana, halafu wanalaumu rula.

Dawa yake ni kukubali kwamba nafasi haina lazima ya kuwa namba nzuri. Pande mbili zikaribiane, basi. Gawa 130 kwa 12, utapata milimita 10.8 na ushee. Gawa 87 kwa 8, utapata 10.9 kasoro kidogo. Tofauti ya nafasi za upande mrefu na za upande mfupi haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Hakuna jicho litakaloiona, hata la mama mkwe. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia.

Uzuri wa 12 na 8 ni kwamba huhitaji kupima hizo pointi. Unakunja karatasi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi wenye urefu wa milimita 130 sawasawa. Ukunje mara tatu kama barua inayoingia bahasha: ncha moja iingie ndani, nyingine ije juu yake, usibonyeze kwanza, sogeza mpaka kila ncha iguse mkunjo wa upande wa pili, ndipo ubonyeze kwa ukucha. Kisha kunja katikati, halafu katikati tena. Ukifungua utakuta vipande 12 vilivyo sawa. Ukanda wa milimita 87 ni rahisi zaidi: katikati, katikati, katikati, na hivyo ni vipande 8. Tumia karatasi nyembamba ya daftari, kwa sababu karatasi nene huiba urefu kwenye kila mkunjo na vipande vya nje vinakuwa virefu kuliko vya ndani.

Kadi ya kipimo kingine? Pima mistari miwili, gawa kila mmoja kwa nafasi unayoipenda, chukua namba nzima iliyo karibu, kisha gawa tena urefu kwa namba hiyo. Nafasi za pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya nusu milimita, ongeza au punguza ukingo kidogo na ujaribu tena. Ni dakika tano za penseli. Kwa duara la kuzunguka jina ni rahisi mno: chora kwa bikari, usiibadilishe, tembeza upana uleule juu ya duara na utapata nukta 6 kamili. Ukigawa kila nafasi katikati unapata 12.

Kufikia hapo una alama za kadi moja. Kadi 60 hazitengenezwi kwa kukunja kanda 60. Tengeneza kiolezo. Sisi tulitumia filamu ya eksirei ya zamani iliyokuwa kabatini, kwa kuwa haiwi laini kwa jasho na haipanuki upesi. Kifuniko cha plastiki cha daftari kinafaa pia. Kata kwa kipimo cha kadi, hamisha alama 40, toboa kila moja kwa sindano. Andika JUU kwenye upande wa juu, na usiwahi kukigeuza, kwa sababu hata kiolezo kizuri kina kasoro zake, na kasoro ikikaa mahali pamoja kwenye kadi zote hakuna atakayeijua.

Kisha fungua kadi, ilaze juu ya ndara ya mpira iliyokatika, kiolezo juu yake, na uguse kila tundu kwa ncha ya sindano. Nasema fungua kadi kwa sababu nimeona mtu akitoboa ikiwa imekunjwa na kuchoma mpaka ukurasa wa ndani. Huhitaji kutoboa upande wa pili. Alama ndogo inatosha, rangi itaifunika. Kwa karatasi nyembamba tumia penseli ngumu, uguse kidogo tu, maana risasi ya penseli huonekana chini ya rangi nyeupe. Chini ya dhahabu haionekani.

Kuhusu rangi sina mengi, maana hapo binti ananishinda. Ukitumia kichwa cha pini au kijiti cha meno, chovya upya kwa kila nukta. Ukichovya mara moja na kugusa mara tatu, nukta ya pili itakuwa ndogo kuliko ya kwanza na ya tatu itakuwa ndogo zaidi. Rangi iwe nzito kama mtindi. Ikiwa maji itatambaa kwenye karatasi. Ukitumia koni kama ya hina, ishike wima, bonyeza, acha kubonyeza, ndipo uinue. Anayeinua akiwa bado anabonyeza ndiye anayepata mikia. Mkono wa kulia aanze juu kushoto ili asijifute mwenyewe. Na msimu wa mvua za masika usizipange kadi juu kwa juu jioni ileile: hewa yetu ina unyevu, rangi inakauka juu huku ndani ingali mbichi, na asubuhi unakuta kadi mbili zimekuwa moja. Feni pia ni adui, inapeperusha kadi na kuleta vumbi.

Kuna hila moja ya mwisho ya macho. Nafasi hupimwa kutoka katikati ya nukta hadi katikati ya nyingine. Ukibadilisha kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, yote yanabaki sawa. Lakini ukiweka kubwa moja kisha ndogo mbili, zile ndogo mbili zitaonekana zimeachana, ingawa alama zako ni sahihi, kwa sababu baina yake kuna karatasi tupu nyingi zaidi. Mtu akisema hazilingani, hajakosea. Ama zisogeze ndogo mbili karibu kidogo kwenye kiolezo, ama uachane na mtindo huo. Mimi ningeachana nao.

Lililoniudhi katika jambo hili ni lile neno "hana mkono". Binti aliambiwa hivyo na mama yake, na shangazi zake wawili, na alikuwa ameshaanza kuliamini. Hakuna aliyekaa naye akatazama kosa liko wapi. Vifaa vyote alikuwa amenunua kwa pesa yake ya hina, na wala hakuwa amedai arubuni, jambo ambalo nalo tumelizungumza kwa kirefu.

Zile kadi 60 hazikutupwa. Tulikata kila uso, tukaacha kona mbovu, tukapata vibandiko vya kufungia zawadi, viwili viwili kwa kila kadi, na ameviuza karibu vyote kwa mwenye duka la maua. Idi alipata oda ya kadi 40. Alizimaliza kwa jioni mbili, huku akizungumza na simu, kitu ambacho zamani hakuweza kwa kuogopa kupoteza kipimo. Kiolezo kimetundikwa msumarini kando ya koni zake. Tundu la kona ya juu kulia limeanza kupanuka, ameniomba ile filamu iliyobaki atoboe kingine.