Keki ya Makaa na Mti wa Mkebeni

Najua wapo watakaocheka wakiona mvulana wa kidato cha tatu ameandika juu ya keki. Chekeni tu. Nyumbani kwetu mimi ndiye kifungua mimba, na mama huuza viazi sokoni. Wiki ya Krismasi ndiyo wiki yake ya kuvuna, hawezi kukaa jikoni. Kwa hivyo keki na mapambo ni juu yangu.

Kuna sababu nyingine. Baba hufanya kazi Mombasa na huja nyumbani mara moja kwa mwaka, tarehe 24 Desemba usiku, wakati nauli za basi zimepanda kupita kiasi. Krismasi ya mwaka wa 2023 nilimwokea keki. Mama alikuwa ameniwekea mayai matano ambayo yangeuzwa. Nikajaza makaa kama mtu anayechemsha githeri, na baada ya dakika ishirini hivi nikanusa moshi. Chini keki ilikuwa nyeusi kama sufuria yenyewe, katikati uji mtupu. Wadogo zangu waliviacha vipande vyao mezani. Baba alikila chake chote, akasema, "Ni tamu, kijana wangu." Afadhali angenigombeza!

Januari nikaenda kwa mama mmoja jirani yetu ambaye huoka keki za harusi bila oveni. Haya ndiyo aliyonifunza.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano unaojiumua, ule wa kupikia mandazi bila kutia hamira. Siagi robo kilo, sukari robo kilo, mayai matano, maziwa kikombe kimoja au pungufu, na ganda la limau lililoparuzwa. Koroga siagi na sukari kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe na laini. Hapa ndipo wengi huchoka mapema, mkono unauma kweli kweli, lakini kule kukoroga ndiko kunakotia hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo husaidia keki kuinuka. Tia mayai moja moja huku ukikoroga. Unga uchekeche, kisha uuchanganye polepole pamoja na maziwa. Ukiupigapiga sana sasa, keki itakuwa ngumu kama chapati ya juzi.

Sasa moto. Tafuta sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu ndani, kina cha vidole viwili, uifunike na uipashe moto kwanza. Sufuria ndogo ipake siagi na uinyunyizie unga, mimina rojo yako isizidi nusu, kisha uikalishe juu ya mchanga. Funika ile kubwa kwa mfuniko bapa na upange makaa juu yake. Makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Kosa langu lilikuwa hilo: moto wote niliuweka chini, tena bila mchanga wa kuusambaza. Usifunue nusu saa ya kwanza hata kama wadogo zako wanakulilia, maana keki ambayo haijashika ikipigwa na baridi hubonyea. Baada ya saa moja hivi ichome kwa kisu safi. Kikitoka kikavu, imeiva. Na jambo hili si mzaha: okea nje, au mahali penye hewa nyingi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu waliofunga madirisha.

Mapambo ni rahisi zaidi. Ua wetu ni wa saipresi, mti ambao asili yake ni Meksiko ingawa huku milimani tunauona kama wetu. Nakata tawi moja tu, nalisimamisha kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa mawe na maji. Dada yangu hulibandika pamba, ati theluji, na hali theluji yenyewe hajaiona ila kwa mbali, kileleni mwa Mlima Kenya. Karatasi za rangi tunazisokota na kuzivuta kutoka pembe hadi pembe ya dari. Zikiisha tunamalizia na karatasi ya chooni, na mgeni hajui. Mama naye ana kadi za zamani, za enzi za kutumiana kwa posta, tunazianika kwenye uzi ukutani. Mishumaa hatuweki mtini kamwe, kwa sababu saipresi likikauka hushika moto upesi mno.

Krismasi ya 2024 baba alifika saa tano usiku. Keki ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa. Alikata kipande, akakigeuza kutazama chini, akanitazama, akacheka. Hakusema kama ni tamu. Alikula vitatu, na aliporudi Mombasa kingine kilikuwa ndani ya begi lake, kimefungwa kwa gazeti.