Somo la Kwanza la Kompyuta: Macho na Mgongo

Kompyuta imeanza kuingia majumbani, hata vijijini kwetu Tarime na Serengeti. Kijana anarudi nayo kutoka chuoni, na nyumba nzima, iwe Busawe au Mugumu, inataka kujifunza. Anayefundisha huanza na jinsi ya kuiwasha, kushika kipanya na kuandika jina. Sisi wa ukurasa huu tunamwomba aanze na afya ya mwanafunzi.

Kukaa. Keti kwenye kiti chenye egemeo, si kitandani wala kwenye kigoda kifupi. Miguu ikanyage sakafu. Mtoto awekewe tofali chini ya nyayo. Kioo kiwe mbele yako, sentimita 50 hadi 70, yaani kama urefu wa mkono. Viwiko vikae karibu na mbavu. Dirisha liwe ubavuni ili mwanga usipige kiooni.

Macho. Anayekazia kioo husahau kupepesa, na macho hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mti wa uani unatosha. Saa moja ikipita, simama utembee.

Kwa wazazi. Wengi waliovuka miaka 40 huketi mbele ya kompyuta, wakaona herufi kama ukungu, wakasema, "Haya ni mambo ya vijana," wakaacha. Kumbe si akili iliyoshindwa! Katika umri huo lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuona vya karibu. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwakuta na hali hiyo zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na kuendelea. Msaada wake ni miwani ya kusomea. Ukiona unasogeza Misale mbali ndipo usome, nenda ukapimwe. Usiazime tu miwani ya jirani, kwani mpimaji huangalia pia mtoto wa jicho na presha ya macho.

Kwa watoto. Mtoto anayesogeza uso hadi kiooni, au anayekunja macho akitazama ubao shuleni, asikaripiwe. Huenda haoni vizuri. Apelekwe hospitali. Wote wapate muda wa kucheza nje mchana, maana mwanga wa jua husaidia macho yao yakue vema.

Onyo. Kichwa kikiuma pamoja na homa, msiisingizie kompyuta. Nendeni mkapime malaria upesi.

Basi, wazazi, msiogope kujifunza pamoja na watoto wenu. Macho ni zawadi ya Mungu. Tuyatunze, nayo yatatusaidia kusoma mpaka uzeeni.