Mkimbiaji na wimbo wake: nani amfuate nani?

Jumamosi, saa 11:40 alfajiri, Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam lina watu kuliko magari. Wapo wanaotembea, wapo wanaonyoosha viungo wakishikilia vyuma vya ukingo, na wapo wanaokimbia peke yao, hedifoni masikioni, macho mbele, kama watu waliotumwa jambo la haraka.

Mimi ni wa kundi hilo la mwisho. Asubuhi hiyo nilikuwa nimewasha singeli kwa sauti kubwa, najiona napaa. Nilipofika katikati ya daraja, nyuma yangu likatokea kundi la jogingi: fulana za rangi moja, filimbi mbele, mmoja anaanzisha wimbo na wenzake wanaitikia. Sauti yao ikapenya hadi ndani ya singeli yangu. Kabla sijaamua lolote, miguu ilikwishaamua. Iliutupa muziki nilioununulia bando, ikaanza kukanyaga pamoja na wale watu. Nilikwenda hivyo kama mita 200, sikio likisikiliza hiki na mguu ukitii kile, hadi nikachomoa hedifoni kwa aibu.

Kundi likanipita. Nikabaki na upepo wa bahari na swali: kati ya mkimbiaji na wimbo wake, nani anamfuata nani?

Spidigavana ya mchakamchaka

Watu wa rika langu hatukuanza kukimbia na hedifoni, lakini pia hatukuwahi kukimbia bila muziki. Shule ya msingi ilianza na mchakamchaka. Giza halijaondoka vizuri, mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo yake, mwanafunzi mwenye koo zuri yuko mbele anaanzisha. Tuliimba kuhusu shule, kuhusu Chama, kuhusu wavivu waliobaki kitandani. Vita vya Kagera vilivyopiganwa mwaka 1978 na 1979 vilikwisha, Idi Amin akakimbilia uhamishoni, lakini nyimbo za kumkejeli ziliendelea kukimbiwa na watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa vita vilipopiganwa.

Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, wana toleo lao lililokomaa zaidi, wanaliita chenja. Jirani yangu mmoja ni mwanajeshi mstaafu, na jioni moja nilimsimulia kisa cha darajani.

"Shikamoo mzee. Hivi zile nyimbo zilikuwa za nini hasa? Kutuchangamsha?"

"Marahaba mwanangu. Kuchangamka kulikuja kwenyewe," akasema. "Afande alikuwa anasikiliza kiitikio. Kikiwa kizito, anajua vijana bado wana pumzi. Kikianza kukatika katika, anajua mwendo umezidi, na huko mbele ataokota watu."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mzee alikuwa amenieleza kwa sentensi tatu kile ambacho makocha wa leo wanakiita kipimo cha mazungumzo. Mkimbiaji anayeweza kusema sentensi nzima bila kuhema yuko kwenye mwendo mwepesi, ule wa kujenga moyo na mapafu. Akibaki na maneno mawili matatu, ameingia kwenye kazi ngumu. Akishindwa kusema kabisa, hana muda mrefu kabla ya kusimama. Kuimba kunadai pumzi zaidi hata ya kuongea. Kwa hiyo mchakamchaka ulikuwa na spidigavana yake, na spidigavana hiyo ilikaa kooni.

Wimbo wa hedifoni hauna breki hiyo. Mwimbaji wake alirekodi akiwa amesimama, amepumzika, pengine ana glasi ya maji pembeni. Hasikii unavyohema. Ukichoka wewe, yeye hachoki.

Bendi iliyowasukuma waendesha baiskeli

Kwamba muziki unausukuma mwili si jambo la kubuni. Mwaka 1911, Mmarekani Leonard Ayres alichapisha matokeo ya jambo alilolipima kwenye mashindano ya baiskeli ya siku sita jijini New York. Ukumbini kulikuwa na bendi, ikipiga na kupumzika. Ayres alikaa na saa yake akahesabu. Bendi ilipokuwa inapiga, waendeshaji walikwenda kwa wastani wa kilomita 31.5 hivi kwa saa. Ilipokaa kimya, walishuka hadi karibu 28.8. Hakuna aliyewaambia waongeze mwendo.

Zaidi ya miaka 80 baadaye, Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, alianza kulichimba jambo hilo kwa undani, na amelifanyia kazi kwa miongo. Maelezo yanayotokana na kazi kama yake ni rahisi kuyaelewa. Akili ya mtu ina mlango mmoja mwembamba wa kupokea habari. Unapokimbia, misuli na mapafu vinatuma malalamiko kupitia mlango huo. Muziki nao unapita hapo hapo, na ukiwahi kuujaza mlango, malalamiko yanabaki nje yakipiga hodi. Mwili umechoka vile vile, ila taarifa ya uchovu inachelewa kufika.

Lakini hodi ina kikomo. Mwendo ukiwa wa polepole au wa wastani, muziki unashinda. Ukianza kukimbia kwa nguvu zako karibu zote, malalamiko ya mwili yanavunja mlango. Hapo wimbo unaweza kukufanya uyavumilie maumivu kwa moyo mwepesi kidogo, lakini hauwezi kuyaficha. Ndiyo maana mtu anayepanda kilima akiwa hoi, ukimuuliza baadaye wimbo gani ulikuwa unapiga, mara nyingi hakumbuki.

Kuna mmoja aliyeutumia muziki hata kwenye kilele cha mbio. Februari 1998, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani mjini Birmingham, Uingereza, huku spika za uwanja zikipiga "Scatman", wimbo alioupenda na kuuomba mwenyewe. Haukuwa masikioni mwake peke yake. Uliwafikia pia wapinzani na kila mtazamaji aliyekuwa ukumbini.

Hedifoni ni habari nyingine. Kanuni za riadha za kimataifa zinaiweka redio, simu na vifaa vya namna hiyo katika orodha ya misaada isiyoruhusiwa uwanjani. Cha kuchekesha ni kwamba taa zinaruhusiwa. Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya mita 10,000 huko Valencia mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11, pembeni ya njia kulikuwa na taa zinazokimbia kwa mwendo wa rekodi, zikimwonyesha anatakiwa awe wapi. Jicho limeruhusiwa kuongozwa. Sikio bado.

Kilichobadilika mwaka 1979

Tangu zamani, muziki wa kukimbilia ulikuwa mali ya wengi: bendi ya ukumbini, ngoma ya kijijini, kiitikio cha kikosi. Julai 1979, kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza Walkman, kicheza kaseti kidogo cha kuning'iniza kiunoni, chenye hedifoni nyepesi. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kukimbia ndani ya wimbo ambao mwenzake aliye hatua mbili pembeni hausikii. Yaliyofuata, kuanzia iPod ya mwaka 2001 hadi simu iliyomo mfukoni mwako, yamepunguza uzito na kuongeza idadi ya nyimbo. Upweke ni ule ule.

Sisemi upweke huo ni mbaya. Kwa mama anayeamka kabla ya watoto na kurudi kabla ya daladala ya kazini, dakika 40 za peke yake ni hazina. Ninachosema ni kwamba siku wimbo ulipohama kooni ukaingia sikioni, kazi ya spidigavana ilibaki bila mtu. Inabidi tuifanye wenyewe, na tunaanza kwa kuchagua vizuri cha kusikiliza.

Hesabu hatua zako kwa dakika moja. Wakimbiaji wengi wa kawaida wanaangukia kati ya 150 na 180. Kocha wa Marekani Jack Daniels alihesabu hatua za washindani kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, akaona karibu wote wa mbio ndefu wanafikia 180 au zaidi. Sasa linganisha na muziki wetu. Singeli, iliyozaliwa uswahilini Dar es Salaam, inapita mapigo 200 kwa dakika bila jasho. Ukijaribu kuifuata pigo kwa pigo utamaliza mafuta kabla ya kilomita ya pili, kama nilivyokuwa nafanya darajani. Taarab ya kale nayo itakuketisha chini. Muziki wa dansi, hasa ule wenye damu ya Kongo, umejengwa kama mbio zenyewe: unaanza taratibu na maneno, mwili unapata joto, kisha gitaa linaingia sebene na mguu unaongeza wenyewe. "Mario" ya Franco inazidi dakika 10, na mwanzo wake wa malalamiko yasiyo na haraka ni kipimo kizuri cha kupashia misuli.

Kwa mbio ndefu za polepole, mazungumzo yanaushinda muziki. Mawaidha, mahubiri, tamthilia ya redio, podikasti, visomo vya Kurani: vyote hivi vinaijaza akili bila kuamrisha mguu, kwa sababu havina pigo la kufuata. Ila jihadhari na mpira. Niliwahi kukimbia nikisikiliza mechi ya Simba na Yanga. Ilipotolewa penalti nilijikuta nakwenda mwendo wa mita 400, na kilomita tatu zilizobaki nilizitembea.

Jicho la kisogoni

Macho yanatazama upande mmoja na yana kope za kufunga. Masikio hayana kope, na yanasikia pande zote. Kwa mkimbiaji wa mjini, sikio ndilo jicho la kisogoni, na hedifoni ni kitambaa tunachojifunga wenyewe.

Barabara zetu nyingi hazina njia ya miguu, na palipo na njia ya miguu, bodaboda nao wanaiona ni yao. Miaka miwili iliyopita, mmoja alinijia kwa nyuma juu ya njia ya watembea kwa miguu. Alipiga honi, nikaambiwa baadaye, mara tatu. Nilichokisikia mimi ni kioo chake kikigusa kiwiko changu. Mwanamke anayekimbia alfajiri ana sababu nyingine ya kutaka kusikia hatua zinazomkaribia, na kila mtu ana sababu ya kumsikia mbwa kabla hajamwona.

Tiba si ngumu. Kimbia upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokujia. Weka hedifoni sikio moja, lile lisilo upande wa barabara, au tumia zile zinazokaa mbele ya sikio na kupeleka sauti kupitia mfupa, zikiacha tundu wazi. Na punguza sauti: mtu aliye karibu nawe akikusemesha kwa sauti ya kawaida usimsikie, umezidisha.

Sauti ina deni lake pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Ukipandisha hadi 90, posho hiyo inashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Mkimbiaji wa Barabara ya Morogoro hupandisha bila kujua, kwa sababu anashindana na malori. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa, havioti tena.

Huko Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, makundi makubwa ya wakimbiaji hutoka asubuhi kwenye vumbi jekundu, na wengi wao masikio yako wazi. Si kwamba hawapendi muziki. Katika kundi, sikio lina kazi: linapima hatua za walio nyuma na pumzi ya aliye pembeni. Anayehema kwa shida anajitangaza bila kujua. Ukiziba masikio, huo ujumbe hukufikii, na mbaya zaidi, hata wako mwenyewe huusikii.

Mstari wa tatu

Jumamosi iliyofuata nilirudi darajani. Sijaacha hedifoni, na sidhani kama nitaziacha. Zilikuwepo, ila mfukoni. Kundi lile lilipotokea nikajisogeza mkiani, na hakuna aliyeniuliza jina. Kiongozi akaanzisha wimbo mmoja niliouimba darasa la nne. Nikaitikia mstari wa kwanza kwa kifua, wa pili kwa kiburi. Kwenye mstari wa tatu sauti ikanikatikia katikati ya neno.

Kumbe hata bila singeli, kwa wiki nyingi nilikuwa nakimbia mwendo usio wangu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mbele yangu akageuka bila kuacha kuimba, akanipungia mkono kuelekea chini: pole pole. Nikapunguza hatua, nikasubiri pumzi irudi, kisha nikaitikia tena.