Kutoa Otomatiki na Kutia Klachi

Katika karakana za uwazi zilizo kando ya barabara ya Malindi, huko Bamburi, pwani ya Kenya, huenda ukaiona Mercedes 123, ile ya Ujerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, imeinuliwa juu ya stendi ilhali mwenyewe amekwisha ambiwa kwamba otomatiki yake imekufa, na ya kwamba hapana tiba ila gia za mkono.

Nasaha yangu ni kwamba hukumu hiyo isikubaliwe upesi. Otomatiki ya gari hili hupata habari ya mzigo wa injini kwa mpira mwembamba wa vakyumu, na mpira huo, ukipasuka kwa joto na uzee, huifanya giaboksi nzima ikawie kubadili gia na kushtua kama iliyokwisha meno, hali ugonjwa wenyewe ni wa thamani ndogo kabisa. Wala otomatiki si kitu dhaifu kwa asili yake: mwaka 1979, katika mashindano ya Bandama huko Kodivaa, Mercedes 450 SLC zenye otomatiki zilishika nafasi nne za kwanza, Hannu Mikkola akiwa mshindi.

Lakini yako mauti ya hakika. Mafuta ya otomatiki hupozwa ndani ya rejeta, na rejeta ikioza kwa ndani, maji huingia katika mafuta na kuziharibu pleti zote. Hapo ndipo gia za mkono huwa na hoja, hasa kwa kuwa sheria ya Kenya huzuia kuingizwa nchini magari makuukuu yaliyozidi miaka 8, basi vipuri vya rika hili hutafutwa katika magari yanayovunjwa humu humu.

Kosa kubwa ni kununua giaboksi peke yake. Kinachotakiwa ni jamii nzima ya vyombo, na kheri vitoke katika gari moja la injini ileile, kwani giaboksi ya 240D ya dizeli si lazima iikubali injini ya 230E ya petroli. Konveta hutoka, flaiwili huingia pamoja na bolti zake, pedeli hubadilishwa, propela shafti hupimwa urefu, na klachi, katika gari hili, hunywa mafuta kutoka chupa ileile ya breki, kwa hiyo anayefunga bomba vibaya huhatarisha breki pia. Fundi mwangalifu atatia kidole katika tundu la nyuma ya krenki kutafuta beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Gari la otomatiki aghalabu halina beringi hiyo; ikisahauliwa, shafti hutikisika, kelele huanza, na kazi yote hufunguliwa upya.

Kisha ufunguo huzungushwa, na injini haijibu neno. Sababu ni swichi ya otomatiki iliyokuwa ikizuia stata isipokuwa gia imekaa huru au kwenye paki; nyaya zake mbili za stata hazina budi kuunganishwa, na taa ya kurudi nyuma kupewa swichi yake.

Giaboksi ya zamani ihifadhiwe pakavu, mbali na chumvi ya pwani, kwani atakayelirithi gari huenda akataka kulirudisha asili yake. Na mwenye leseni ya otomatiki tu asiushike usukani wake mpaka atahiniwe kwa klachi.