Penalti isiyo na kipa: Presha ya grini chini ya Kibo

MASHABIKI wa Simba hawajaisahau Casablanca. Aprili 28, 2023, Mnyama alitua kwa Wydad akiwa na bao moja mkononi, akafungwa 1-0, mechi ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti na Simba ikatolewa 4-3. Yanga nao wana Pretoria yao. Aprili 5, 2024, baada ya dakika 180 bila bao dhidi ya Mamelodi Sundowns, ukiacha lile bao la Aziz Ki lililokataliwa ambalo vijiweni bado linabishaniwa, Wananchi walitolewa kwa penalti 3-2. Zote mbili zilikuwa robo fainali za Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kila mara swali la vijiweni ni lilelile. Mtu anayelipwa kupiga mpira, anayeupiga kila siku ya Mungu, anashindwaje kufunga kutoka mita 11?

Kuna mchezo ambao swali hilo huulizwa kila baada ya dakika chache. Hauna kipa, hauna beki wa kukuvuta jezi, na mpira wenyewe umetulia kwenye nyasi ukikusubiri. Ni gofu, na Moshi unachezwa sehemu mbili: Moshi Club, pale Shanty Town, na kule chini kwenye mashamba ya miwa ya TPC, Arusha Chini.

Mchezaji anaweza kuupiga mpira mita 250 katikati ya miti bila wasiwasi. Akifika kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, akabakiza mita moja na nusu, mikono inaanza kuwa ya mtu mwingine.

NUSU YA MCHEZO IKO HAPA

Kwa asiyeujua mchezo huu, hesabu yake ni rahisi. Uwanja kamili una mashimo 18, na mara nyingi mchezaji mzuri anategemewa kuumaliza kwa mikwaju 72. Katika hiyo 72, mikwaju 36, yaani miwili kwa kila shimo, imetengwa kwa ajili ya grini. Mkwaju wa kwenye grini unaitwa pati, na fimbo yake fupi inaitwa pata. Kwa maana nyingine, nusu ya mchezo mzima inachezwa kwa fimbo moja na kwa nguvu ndogo kuliko ya kusukuma mlango.

Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108. Mpira una karibu milimita 43. Nafasi ipo, tena ya kutosha.

Lakini takwimu za wachezaji wa kulipwa wa Marekani zinaonyesha kitu ambacho shabiki wa soka atakielewa haraka. Kutoka chini ya mita moja, karibu wote wanafunga. Ukisogea hadi mita moja na nusu, wanafunga kama mara 77 katika 100. Ukifika mita mbili na nusu, ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi.

Penalti ya soka nayo huingia takriban mara tatu katika nne. Kwa hiyo pati ya mita moja na nusu ni penalti kamili. Tofauti ni kwamba mpiga penalti akikosa anaweza kumsingizia kipa. Mcheza gofu hana wa kumsingizia.

KWA NINI MIKONO INAGOMA

Kwenye soka, presha ina mahali pa kwenda. Unakimbia, unakaba, unapiga kelele, jasho linatoka na hofu inatoka nalo. Raundi ya gofu inachukua saa nne na zaidi, lakini muda wa kupiga mpira ni dakika chache tu. Kinachobaki ni kutembea na kuwaza.

Mwili wenye presha hufanya kazi yake ya asili: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi. Hali hiyo inaweza kumsaidia mtu anayepiga mkwaju mrefu, kwa sababu pale nguvu inatakiwa. Kwenye pati nguvu hiyo haina kazi. Inashuka hadi kwenye vidole na viganja, na mkono ukigeuka kidogo tu mpira unapita pembeni.

Wenye mchezo wao wana jina la ugonjwa huu ukizidi: yipsi. Mkono unaruka wenyewe wakati wa kupiga, kama umeguswa na umeme. Watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani waliouchunguza walieleza kuwa kwa baadhi ya wachezaji tatizo liko kwenye mishipa ya fahamu, na kwa wengine ni presha tupu. Kwa wengi hizo mbili huchanganyika.

HATA WAKUBWA WAMELIA

Anayedhani hili ni tatizo la wanaojifunza, amuulize historia. Mwaka 1970, kwenye The Open pale St Andrews, Scotland, Doug Sanders alibakiza pati isiyofika mita moja ili awe bingwa. Akasimama juu ya mpira, akaona kitu kwenye nyasi, akainama kukiondoa, kisha badala ya kurudi nyuma na kuanza upya akapiga hapohapo. Mpira ukapita pembeni. Kesho yake wakarudiana na Jack Nicklaus, na Nicklaus akachukua kombe.

Bernhard Langer wa Ujerumani aliugua yipsi mara kadhaa. Mwaka 1991, kwenye Ryder Cup kule Kiawah Island, alikuwa na pati ya karibu mita mbili ambayo ingelibakiza kombe Ulaya. Akakosa, Marekani wakashinda 14½ kwa 13½. Wiki iliyofuata akashinda mashindano ya German Masters nyumbani kwao, na mwaka 1993 akatwaa Masters kwa mara ya pili. Alichofanya Langer ni kubadilisha namna ya kushika fimbo, akiibana kwenye mkono wa kushoto ili kiganja kisipate nafasi ya kuruka.

Halafu yupo Rory McIlroy. Kwenye US Open ya 2024, Pinehurst, alikuwa amefunga pati zote 496 za chini ya mita moja alizopiga msimu ule. Ya 497, shimo la 16 siku ya mwisho, ikagoma. Shimo la 18 akakosa nyingine fupi. Bryson DeChambeau akashinda kwa mkwaju mmoja.

Mtu aliyefunga 496 mfululizo hajasahau kupiga. Kilichobadilika kati ya ya 496 na ya 497 kilikuwa kichwani.

USIJIFUNDISHE KUTEMBEA KWENYE NGAZI

Mwanasaikolojia Sian Beilock wa Marekani na wenzake walilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliwachukua wacheza gofu wazoefu na wanaoanza, wakawapa pati za kupiga. Wazoefu walipoambiwa wafuatilie kila hatua ya mkono wao, walipiga vibaya zaidi. Walipopewa kazi nyingine ya kufanya kichwani, au kuambiwa wapige haraka, hawakuharibu. Kwa wanaoanza ikawa kinyume: wao walihitaji kufikiria kila hatua.

Maana yake ni hii. Mzoefu anajua kupiga bila kufikiri, kama unavyoshuka ngazi za nyumbani kwako gizani. Siku ukianza kujiuliza mguu upi unatangulia, utajikwaa. Presha inamfanya mzoefu aanze kujisimamia kama mwanafunzi, na hapo ndipo anapoharibu.

Kwenye soka hali ni ileile. Geir Jordet wa Norway, aliyechunguza mikwaju ya penalti ya mashindano makubwa, aligundua kuwa mchezaji ambaye penalti yake ikiingia timu inashinda hufunga zaidi ya mara 90 katika 100. Yule ambaye akikosa timu inatolewa, hufunga takriban mara 60 tu. Umbali ni uleule na goli ni lilelile, lakini mmoja anawaza kushinda na mwingine anawaza lawama. Jordet aliona pia kuwa wengi wenye hofu hukimbilia kupiga mara filimbi inapolia, ili mateso yaishe.

DAWA ZA GRINI

Hakuna anayeifukuza presha. Wanaoiweza wanaipa kichwa kazi ndogo ya kufanya, kazi ileile kila siku, ili hofu ikose nafasi.

Ya kwanza ni kuamua mapema. Mchezaji husimama nyuma ya mpira, anasoma mteremko, anachagua njia na nguvu. Akishasogea na kusimama juu ya mpira, mjadala umefungwa. Wazo jipya likiingia, arudi nyuma aanze tena. Hilo ndilo Sanders hakulifanya.

Ya pili ni utaratibu usiobadilika. Hatua zilezile, idadi ileile ya kupima fimbo, pumzi ileile ya kutoa kabla ya kupiga. Tangu 2019 sheria za gofu zinashauri mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40, na hizo zinatosha. Anayetumia sekunde 15 kwenye pati ya kirafiki na dakika nzima kwenye ya ubingwa, ameshauambia mwili wake kuwa hapa kuna hatari.

Ya tatu ni macho. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, alipima macho ya wapigaji na kukuta kuwa wazuri hutuliza jicho kwenye mpira kwa sekunde mbili hadi tatu kabla ya kupiga, na haliondoki hata mpira ukishaguswa. Wabovu macho yanarukaruka: mpira, shimo, fimbo, watu. Ndiyo maana walimu husema usitazame kama imeingia, sikiliza.

Ya nne ni mazoezi yenye bei. Weka mpira mita moja kutoka shimoni, funga 20 mfululizo. Ukikosa, hesabu inaanza sifuri. Kumi za kwanza ni mchezo. Ukifika ya 18, mikono inakumbuka kutetemeka, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza. Wekeaneni soda na presha itapanda zaidi.

MLIMA NAO UNAKUCHEZA

Moshi ina mtihani wake. Mji umelala kwenye miguu ya Kilimanjaro, ardhi yote inateremka kutoka mlimani kwenda tambarare za kusini. Jicho la binadamu hupima usawa kwa kulinganisha na kinachoonekana, na kama kinachoonekana ni mlima wa mita 5,895, kipimo kinapotoka. Pati inayoonekana imenyooka inaweza kuchepuka kuelekea bondeni. Kwa hiyo kabla ya kusoma nyasi za karibu na shimo, jiulize kwanza Kibo iko upande gani, hata kama mawingu yameificha.

Moshi Club ni ya mashimo tisa. Ili kutimiza 18, unazunguka mara mbili. Ina maana grini iliyokuaibisha asubuhi utaikuta tena baada ya saa mbili, mahali palepale, na kumbukumbu yake ikiwa bado ya moto. Anayeenda na kisasi anapiga kwa nguvu kupita kiasi. Anayeenda na hofu mpira wake unafia njiani. Anayefuata utaratibu wake anapiga pati ya kawaida.

Na kinachogombewa si kidogo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania walianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wengine, wakajifunza kwa kutazama. Lina PG Tour, mashindano ya kumuenzi marehemu Lina Nkya, mchezaji gofu wa zamani, yalipoanza mwaka 2024 yalifungua pazia TPC Moshi, yakiwaweka pamoja wa kulipwa na wa ridhaa. Kwenye mashindano ya aina hiyo mkwaju mmoja ni tofauti ya fedha ya kurudi nayo nyumbani. Kwa kijana asiye na mshahara, ile mita moja na nusu ni ada ya mtoto au kodi ya nyumba, na akili yake inajua hivyo.

Ndiyo maana kumwambia mtu "usiogope" hakumsaidii. Ataogopa. McIlroy aliogopa tena Aprili 2025, kwenye Masters. Shimo la 18 alihitaji pati ya kama mita moja na nusu awe bingwa, akakosa. Wengi wakaona Pinehurst imerudi. Dakika chache baadaye, kwenye shimo la kwanza la kuamua mshindi dhidi ya Justin Rose, akaupeleka mpira karibu na bendera, akapiga utaratibu wake uleule, ukaingia. Aliipiga presha ikiwa bado ipo.

Makocha wetu wa soka husema penalti hazifanyiwi mazoezi kwa sababu presha ya uwanja uliojaa haiwezi kutengenezwa Bunju wala Avic Town. Ni kweli haiwezi yote. Lakini robo yake inaweza: mpigaji mmoja, timu nzima imesimama kimya inamtazama, akikosa wote wanakimbia. Wacheza gofu wanalijua hilo tangu zamani, na ile robo ndiyo inayokosekana usiku wa robo fainali.