Nakshi za Kukata: Tuzinakili Kabla Hazijatupwa

Ukipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukainua macho juu ya ile milango iliyosifiwa na kila mgeni, utaiona sanaa nyingine ambayo wengi wetu huipita bila ya kuijali. Ni zile mbao nyembamba zilizotobolewa maua, majani na nyota, zikapangwa kwenye kingo za paa na kwenye vizuizi vya roshani. Mlango huchongwa kwa patasi na nyundo, na nakshi yake hukaa juu ya uso wa ubao. Mbao hizi hukatwa hadi upande wa pili, zikaruhusu mwanga na upepo kupita, na uzuri wake umo katika matundu kama ulivyo katika mti uliobaki.

Mfano mashuhuri ni jengo la Zahanati Kongwe, lililoko mbele ya bahari karibu na bandari. Tajiri Tharia Topan aliweka msingi wake mwaka 1887, akafariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Roshani zake za mbao zingali zikisimamisha wapita njia, kwa sababu katika miaka ya 1990 jengo hilo lilikarabatiwa chini ya Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu ukafuatia mwaka 2001.

Hata hivyo, nyumba nyingi hazina mfadhili wa namna hiyo. Mvua ya masika, chumvi ya bahari na mchwa hufanya kazi yao mwaka hadi mwaka. Ubao mmoja huoza, wa pili hulegea, na mwenye nyumba, akihofia usalama wa watoto, huviondoa vyote akaweka saruji au alumini. Hatumlaumu, kwani kila mtu hujenga kwa kadiri ya mfuko wake. Linalotusikitisha ni kwamba ubao wa mwisho unapotiwa jikoni kuwa kuni, mchoro wake nao huungua, na hakuna fundi atakayeweza kuurudisha.

Nasi tunasema kwamba jambo hili lina dawa nyepesi. Kabla ya kuutupa ubao mbovu, utandikie karatasi juu yake, upitishe penseli kwenye kila ukingo, uandike unene na upana wake, kisha uihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati za nyumba. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja, na mtoto wa skuli anaiweza.

Mwenye mchoro anaweza kuutengeneza ubao upya kwa msumeno wa nakshi. Msumeno huu una bledi nyembamba mno, iliyokazwa kwa ncha zake mbili. Upo wa mkono, wenye fremu yenye umbo la herufi U, na upo wa umeme, ambao bledi yake hupanda na kushuka katikati ya meza ndogo huku fundi akiuzungusha ubao kwa mikono miwili. Kijana anayeanza hahitaji kukopa fedha ili anunue mashine, kwani ule wa mkono unatosha kumfundisha.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Kwanza karatasi yenye mchoro hubandikwa juu ya ubao. Kisha kila sehemu itakayotolewa hutobolewa tundu dogo kwa keekee. Bledi hufunguliwa ncha moja, ikapitishwa katika tundu, ikakazwa tena, ndipo ukataji uanze. Meno ya bledi yaelekee chini. Matundu ya ndani hukatwa kwanza na ukingo wa nje mwisho, ili ubao ubaki na nguvu za kushikika wakati wote wa kazi. Asisukume kwa pupa, kwani bledi huchoka ikakatika, na mstari ukapinda. Mwenda pole hajikwai.

Mchoraji naye akumbuke mambo mawili. La kwanza, kila kipande kinachobaki sharti kishikamane na mwenzake; ua lililozungukwa na tundu pande zote litaanguka. La pili, shingo nyembamba iliyokatwa kinyume cha nyuzi za mti huvunjika kwa kuguswa tu. Mafundi wa zamani waliyajua haya, na katika vizuizi vingi vya roshani walikata nusu ya umbo kwenye ukingo wa kila ubao, hata mbao mbili zilipokaa bega kwa bega, umbo kamili likajitokeza baina yao. Kwa kazi ya namna hiyo, mbao mbili au tatu nyembamba hufungwa pamoja na kukatwa kwa mara moja, zikatoka sawasawa.

Si lazima kuanza na roshani. Anza na kishikizo cha rafu, fremu ya kioo, ubao wa kuficha fimbo ya pazia, au kizuizi cha tundu la hewa juu ya mlango wa chumba. Marufaa ya kuwekea msahafu, ikitobolewa nyota moja katika kila ubavu, ni zawadi inayofaa nyumba yoyote. Vipande vya mbao vinavyobaki katika karakana za samani vinatosha kwa kazi hizi.

Lakini tunawausia wazazi juu ya vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua. Kazi ifanyike mahali penye hewa, barakoa na miwani vivaliwe, na sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiliwa. Mtoto asiachwe peke yake na mashine ya umeme.

Na kwa wanunuzi tuna neno moja. Kijana akileta fremu aliyoikata kwa siku mbili, msimpimie bei kwa fremu ya plastiki ya dukani. Mnalipia siku zake mbili na jicho lake. Chumo lake ni la halali, na akilipwa inavyostahiki ataleta ya pili iliyo bora zaidi.

Wenye nyumba zenye mbao hizi, basi, wasingoje masika mengine. Karatasi na penseli vinapatikana katika kila nyumba yenye mwanafunzi, na mbao zilizosalia zingali zinasomeka.